Fomu kwanza, kura baadaye: ukitaka kugombea kitongoji, kijiji au mtaa wako

Tarehe 4 Novemba 2019 ilikuwa siku ya mwisho ya kurudisha fomu za kugombea. Nilitoka shambani na matope miguuni, fomu nimeikunja ndani ya mfuko wa nailoni, nimeibana chini ya kanga isilowe. Niliikabidhi saa tisa alasiri. Kesho yake jina langu halikuwamo kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani. Nilipouliza, nikaambiwa mambo mawili: jina la chama nimeliandika kwa kifupi badala ya kirefu, na jina la baba yangu limepungua herufi moja ya mwisho. Basi. Majirani waliokuwa wakinisubiri kwa miezi hawakupata hata nafasi ya kunikataa kwa kura zao.

Sikuwa peke yangu. Mwaka ule wagombea wengi nchini waliondolewa kwa dosari za fomu, vyama kadhaa vikatangaza kujitoa, na tarehe 24 Novemba maeneo mengi hayakuwa na upinzani wowote. Mimi naamini kabisa kwamba herufi moja haipaswi kumnyima mtu haki ya kuchaguliwa. Lakini kuamini hivyo hakukunirudishia nafasi. Nilikaa miaka mitano nikijifunza kanuni, na mwaka 2024 nikarudi. Leo ni mwenyekiti wa kitongoji katika kijiji kimoja cha machungwa mkoani Tanga. Haya ninayoandika ni yale ambayo ningependa mtu angenikalisha chini akaniambia kabla ya 2019, na nawaandikia hasa akina dada, kwa sababu sisi ndio tunaambiwa mapema zaidi kwamba mambo haya hayatuhusu.

Ujue kwanza unagombea kiti gani

Nazungumzia Tanzania Bara. Zanzibar utaratibu ni mwingine. Kule sheha huteuliwa, hapigiwi kura. Huku Bara, kijiji kina mwenyekiti wa kijiji, wenyeviti wa vitongoji na wajumbe wa halmashauri ya kijiji. Mjini kuna mwenyekiti wa mtaa na wajumbe wa kamati ya mtaa. Kwenye miji midogo vipo vitongoji pia. Uchaguzi huu hufanyika kila baada ya miaka mitano na husimamiwa na wizara, ile inayoshughulikia Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa, ambayo wote tunaiita TAMISEMI. Wa mwisho ulikuwa Jumatano tarehe 27 Novemba 2024. Kwa mzunguko huo unaofuata ni 2029, isipokuwa kiti kikiwa wazi kwa kifo au kujiuzulu, hapo huitishwa uchaguzi mdogo.

Halmashauri ya kijiji ina watu wasiopungua 15 na wasiozidi 25, na sheria inataka angalau robo yao wawe wanawake. Ndiyo maana utaona kuna wajumbe wa kundi mchanganyiko, wanaume kwa wanawake, na wajumbe wa viti maalumu vya wanawake. Nina neno hapa. Nilipotangaza nia, mzee mmoja ninayemheshimu sana aliniambia, "Mwanangu, chukua fomu ya viti maalumu, hicho cha mwenyekiti waachie wanaume wakimbizane." Hakuwa na nia mbaya. Lakini hakuna mstari wowote kwenye kanuni unaosema mwanamke agombee viti maalumu tu. Uenyekiti wa kitongoji, wa kijiji, wa mtaa, na kundi mchanganyiko, vyote ni vyetu sawasawa na wao. Chagua kiti unachotaka kukifanyia kazi.

Sifa zenyewe si nyingi

Uwe raia wa Tanzania. Uwe umetimiza miaka 21. Hapa vijana wengi hukosea, kwa sababu kupiga kura ni miaka 18, wakadhani na kugombea ni hivyohivyo. Ujue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza. Uwe na akili timamu. Uwe mkazi wa kawaida wa eneo unalogombea. Uwe na shughuli halali ya kukupatia riziki. Uwe mwanachama wa chama cha siasa chenye usajili, na chama hicho kikudhamini. Usiwe na hatia ya kosa la jinai la kukosa uaminifu. Hakuna anayekuuliza cheti cha kidato cha nne, wala cha darasa la saba. Mimi niliishia la saba.

Mawili kati ya hayo yanahitaji maelezo, kwa kuwa ndiyo yanayowaangusha watu.

La riziki halali linasikika kama limewekwa kwa ajili ya wenye ajira. Sivyo. Kulima ni shughuli halali, kuvua ni shughuli halali, kukaanga vitumbua barazani ni shughuli halali. Tatizo ni kwamba mtu akifika kwenye nafasi ya kuandika kazi yake, anaona aibu au hajui aandike nini, anaweka kistari. Akina mama ndio zaidi, tumezoea kujibu "sina kazi, nipo tu nyumbani," huku tumeamka saa kumi usiku kuchota maji na kupika maandazi ya kuuza. Kistari kile kinasomwa kuwa huna kipato. Andika unachofanya: mkulima; mfanyabiashara mdogo; fundi cherehani. Mimi niliandika "mkulima na mfanyabiashara mdogo wa matunda", na ndivyo nilivyo.

La ukaazi lina watu wake pia. Mtoto wa kaka yangu anaendesha bodaboda Dar es Salaam, huja nyumbani Idi mbili na msiba ukitokea. Alitaka kugombea kitongoji alikozaliwa. Nilimwambia ukweli: kuzaliwa mahali si kukaa mahali. Mwenyekiti wa kitongoji ndiye anayegongewa mlango usiku mtu akiibiwa kuku, ndiye anayejua nani kahamia na nani kahama. Huwezi kuifanya kazi hiyo kwa simu. Kama unataka kugombea nyumbani, rudi nyumbani mapema, uonekane unalima, unazika na watu, unahudhuria mikutano.

Daftari ni mawili, usichanganye

Hili ningeweza kulipigia mbiu mtaa kwa mtaa. Kadi ya mpiga kura uliyonayo mkobani inatokana na Daftari la Kudumu la Wapiga Kura, ambalo liko chini ya Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi, kwa ajili ya kumchagua rais, mbunge na diwani. Uchaguzi wa vitongoji, vijiji na mitaa una orodha yake, inaandikwa upya palepale unapoishi, kwa siku chache tu. Mwaka 2024 zilikuwa siku kumi, tarehe 11 hadi 20 Oktoba. Nchi nzima walijiandikisha zaidi ya watu milioni 31, na bado kwetu niliwakuta watu siku ya kura wameshika kadi ya kudumu, wameona mlango umefungwa usoni mwao. Walidhani wamekwisha jiandikisha.

Wewe mgombea una sababu mbili za kwenda siku ya kwanza. Moja, usipokuwa kwenye orodha ile huna uchaguzi wa kugombea. Mbili, jina litakaloandikwa pale ndilo litakalolinganishwa na fomu yako. Nilikwenda Ijumaa ile ya tarehe 11 asubuhi na kitambulisho changu cha taifa mkononi. Nikamsomea mwandishi herufi moja moja, kwa sababu jina la baba watu huliandika Hamis, na kwenye kitambulisho ni Hamisi. Alipomaliza nikamwomba anisomee alichoandika. Kijana hakuchukia. Orodha ilipobandikwa nikarudi kuangalia tena, nikalikuta jina langu sawasawa, ila la jirani yangu lilikuwa limekosewa, akaenda kurekebishiwa muda ungalipo.

Chama na kura za maoni

Mgombea binafsi hayupo katika sheria zetu. Marehemu mchungaji Christopher Mtikila alilipigania jambo hilo miaka mingi mahakamani, na tarehe 14 Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo Arusha, ilimpa ushindi ikisema kuwanyima watu kugombea bila chama ni kuvunja haki zao. Lakini mpaka leo bila chama hugombei. Kwa hiyo kadi yako ya uanachama iwe hai, michango yako imelipwa na stakabadhi unazo.

Kila chama kina utaratibu wake wa kupata jina moja kwa kila kiti. Kwetu tulipigiana kura za maoni chini ya mwembe. Kabla ya siku hiyo nilifuatwa na watu wawili, mmoja baada ya mwingine, wakitaka "chai ya wajumbe". Sikutoa. Sikuwa na hiyo fedha, na hata ningekuwa nayo nisingetoa: rushwa ni rushwa hata ikiitwa chai au nauli, na TAKUKURU, wale wa kuzuia rushwa, wana haki ya kukufuata kuanzia hapo kwenye kura za maoni. Nilichofanya ni kuwatembelea wajumbe wote nyumbani, mmoja mmoja, mwezi mzima kabla. Nilishinda kwa kura tatu.

Ukishapitishwa, uliza swali moja ambalo wengi hawaulizi: ni kiongozi wa ngazi gani wa chama mwenye mamlaka ya kusaini fomu yangu na kuipiga mhuri? Siyo yeyote aliye karibu. Kanuni na mwongozo wa mwaka husika ndivyo vinavyotaja, na pingamizi nyingi huzaliwa hapo. Ukishamjua, mjue na ratiba yake. Katibu wetu alikuwa na msiba Lushoto juma lile la fomu. Kama nisingeuliza mapema, ningebaki na fomu isiyo na saini mpaka siku zikaisha.

Kanuni zenyewe zipo, zimeandikwa kwa Kiswahili, na ni mali ya umma. Sheria mama ni mbili za mwaka 1982, Na. 7 ya Mamlaka za Wilaya na Na. 8 ya Mamlaka za Miji. Kanuni za uchaguzi wa 2024 zilitoka kwenye Matangazo ya Serikali Na. 571 hadi 574. Za 2029 zinaweza kuja mpya, kwa hiyo usitegemee za zamani, wala usitegemee maneno yangu peke yake. Nenda ofisi ya halmashauri au ya chama, uziombe, utoe nakala. Mimi zangu nilizisoma na mwalimu jirani kila Jumapili jioni, yeye akisoma kwa sauti, mimi nikipiga mstari kwa kalamu nyekundu.

Fomu

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo nilipoumia.

Mwaka 2024 fomu zilichukuliwa na kurudishwa kuanzia tarehe 26 Oktoba hadi 1 Novemba. Siku saba, ukihesabu na za mwisho wa juma. Nilichukua yangu Jumatatu tarehe 28. Sikuandika kitu juu yake siku hiyo. Nilipitia steshenari, nikaitoa nakala tatu, kila ukurasa, nikarudi nyumbani. Usiku ule, watoto wamelala, nikajaza nakala ya kwanza kwa kalamu ya risasi. Asubuhi nikampelekea yule mwalimu akaikagua. Alikuta makosa mawili. Nikajaza nakala ya pili kwa wino. Ya pili ilipokuwa safi ndipo nikaifungua fomu yenyewe, nikanakili neno kwa neno, mezani, mikono nimeinawa na kuikausha.

Majina yako yote yaandikwe kama yalivyo kwenye orodha ya wapiga kura, kwa mpangilio uleule. Jina la chama andika kwa kirefu, kama lilivyo kwenye katiba ya chama. Ukitaka ongeza kifupi pembeni kama nafasi inaruhusu, lakini kifupi peke yake usithubutu. Jina la kitongoji, la kijiji, la kata, yaandike kama serikali inavyoyaandika. Sisi tuna kitongoji ambacho watu wote wanakiita kwa jina la mti mkubwa uliokuwapo zamani, na kwenye vitabu vya serikali kina jina jingine kabisa. Mgombea wa huko asipojua hilo atajaza eneo lisilokuwapo. Tarehe ya kuzaliwa iwe ile ya kwenye kitambulisho, hata kama bibi yako anasema ulizaliwa mwaka wa njaa, miaka miwili kabla. Usiache nafasi tupu. Usifute kwa wino mweupe. Hakikisha saini yako ipo kila panapotakiwa, na ya chama ipo, na mhuri unasomeka, na tarehe za saini zinafuatana: chama hakiwezi kuwa kimekudhamini kesho kwa fomu uliyoirudisha leo.

Kisha toa nakala ya fomu iliyojazwa, na ipige picha kwa simu, ukurasa kwa ukurasa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na fomu ya uteuzi ni mali.

Nilirudisha Jumatano tarehe 30, siku mbili kabla ya mwisho, asubuhi. Siku mbili zile ni za thamani: ukiambiwa kuna kasoro, unazo siku za kuirekebisha au kuomba maelekezo, ukirudisha saa tisa ya siku ya mwisho kama nilivyofanya 2019, unabaki na machozi tu. Sikwenda peke yangu. Nilikwenda na katibu wa tawi na mama mmoja jirani, wawe mashahidi. Nikaomba kupokelewa kwa maandishi: kwenye kitabu cha dispachi, tarehe, saa, na saini ya aliyepokea. Afisa aliyekuwapo alinitazama kidogo, akasaini. Kuomba kwa adabu hakumkasirishi mtu anayefanya kazi yake.

Pingamizi na rufani

Uteuzi ulitangazwa Ijumaa tarehe 8 Novemba. Jina langu likawapo. Nililia, sitaficha.

Siku iliyofuata nikawekewa pingamizi. Mwenzangu niliyekuwa nashindana naye aliandika kwamba mimi si mkazi, kwa sababu mwaka ule nilikaa miezi minne Korogwe nikimuuguza mama. Ni kweli nilikaa. Pingamizi huwekwa kwa maandishi, na wewe unajibu kwa maandishi, kwa haraka, maana muda ni wa siku si wa majuma. Nilichokuwa nacho kilikuwa kwenye faili la kijani: stakabadhi za mchango wa ujenzi wa darasa, miaka mitatu mfululizo, nakala ya muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji wenye jina langu kwenye mahudhurio, kadi ya kliniki ya mwanangu wa mwisho, na barua fupi ya majirani watano wakithibitisha shamba na nyumba yangu, na kwamba mume wangu na watoto hawakuhama hata siku moja. Nikaandika kwamba kumuuguza mzazi si kuhama. Msimamizi msaidizi wa uchaguzi alisoma, akalitupa pingamizi. Namshukuru kwa kusoma.

Asingelitupa, ningekata rufani kwenye Kamati ya Rufani ya wilaya. Ukienguliwa wewe, fanya hivyohivyo: omba uamuzi na sababu zake kwa maandishi, usiondoke na maneno ya mdomo, ambatisha nakala zako, peleka rufani siku hiyohiyo ukiweza. Mwaka 2019 sikukata rufani. Nilisikia tu kwamba "haisaidii", nikakaa nyumbani. Kule kukaa nyumbani ndiko ninakokujutia kuliko ile herufi. Na baada ya uchaguzi, asiyeridhika na matokeo anaweza kwenda Mahakama ya Wilaya. Hapo tafuta msaada wa sheria upesi, siku za kufungua shauri zinahesabiwa.

Siku saba za kampeni

Tarehe 20 hadi 26 Novemba, hapo tu. Ratiba ya mikutano hupelekwa na chama, na wewe unafuata saa ulizopewa. Kitongoji chetu kina kaya 112, nikazigawa kwa siku, nikaenda kwa miguu, jioni zaidi, watu wakiwa wametoka shambani. Sikugawa kanga, sumu ya panya, sukari, wala chochote. Sikusema neno la dini ya mtu wala kabila la mtu.

Nilichokuwa nacho cha kusema ni kidogo na kilipimwa. Mwenyekiti wa kitongoji hana bajeti mkononi. Hawezi kuahidi zahanati. Anaweza kuahidi kuitisha mkutano, kuyapeleka mambo ya watu kwenye halmashauri ya kijiji, kusimamia michango isipotee, kusuluhisha. Kijiji kinatakiwa kufanya mkutano mkuu kila miezi mitatu na mapato na matumizi yasomwe mbele ya watu. Halmashauri ya kijiji ikutane kila mwezi. Niliwaambia: nitahakikisha hesabu zinasomwa, na kile kisima kilichokufa pampu kitakuwa ajenda ya kwanza. Basi.

Kazi niliyoifanya zaidi kuliko hotuba ilikuwa kuwafundisha watu jina langu. Miaka ishirini wananiita kwa jina la mwanangu wa kwanza, Mama Fulani, hakuna anayenijua kwa jina la kitambulisho. Karatasi ya kura haina "Mama Fulani". Ina jina la kwenye fomu. Kwa hiyo kila nyumba niliyoingia niliwaomba walitamke, na watoto wakaligeuza wimbo wa kurukia kamba. Kama nawe unajulikana kwa jina la utani au la mtoto, anza mapema.

Jambo moja kwa aliyebaki peke yake kwenye kiti: mwaka 2024 mgombea pekee alipigiwa kura ya ndiyo au hapana. Usilale ukidhani umepita.

Siku yenyewe

Vituo vilifunguliwa saa mbili asubuhi vikafungwa saa kumi jioni. Usiku ule uliotangulia sikufikiri kura, nilifikiri mawakala. Wakala ni jicho lako ndani ya kituo, na chama ndicho kinachowasilisha majina yao mapema, kwa hiyo usimwachie katibu peke yake. Usimchague ndugu yako kwa kuwa ni ndugu. Chagua mtu anayesoma vizuri, asiyepandisha hasira, anayewajua wakazi kwa sura, na anayeweza kukaa mpaka kura ya mwisho ihesabiwe bila kutoka kwenda kuvuta sigara. Wangu alikuwa binti wa miaka 24, fundi cherehani. Nilimpa kalamu mbili, daftari, chupa ya maji, na chakula kwenye hotipoti ili asitafute sababu ya kuinuka. Aliandika kila kilichotokea na saa yake. Kura zilipohesabiwa palepale kituoni, alizihesabu naye kwa macho, na hakusaini matokeo mpaka namba zilipolingana na zake. Nilipata kura 143, mwenzangu 121. Alikuja nyumbani usiku uleule kunipa mkono. Mpaka leo tunasaidiana.

Gharama yangu yote, kuanzia nauli, fotokopi, picha, muda wa maongezi mpaka chakula cha mawakala, ilifika shilingi 86,000. Nilikuwa nimeweka akiba kidogo kidogo kwenye kikoba chetu tangu msimu wa machungwa wa nyuma. Mshahara hakuna, ujue hilo kabla hujaanza, umwambie na mwenzio nyumbani. Mimi na mume wangu tulizungumza kwanza kabla sijachukua fomu. Alichouliza ni kimoja tu, nani atafungua mlango usiku wakija kugonga. Tukakubaliana tutafungua wote wawili.

Wanaoulizia udiwani

Huo ni uchaguzi mwingine, uko pamoja na wa rais na wabunge, ule wa mwisho tarehe 29 Oktoba 2025, na unasimamiwa na Tume. Umri ni uleule, miaka 21, na chama ni lazima. Lakini hapo unahitaji upate wadhamini wasiopungua kumi waliojiandikisha ndani ya kata yako, uape mbele ya hakimu, uweke dhamana ya fedha. Wadhamini chukua zaidi ya kumi, maana mmoja akigundulika si wa kata ile, umepungukiwa. Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya mwaka 2010 nayo inakuhusu, kwa hiyo andika kila senti.

Kwa anayetaka 2029, kazi ni ya sasa. Hudhuria mkutano mkuu ujao wa kijiji au mtaa wako, andika jina lako kamili kwenye mahudhurio, na uulize swali moja kuhusu mapato na matumizi. Chukua stakabadhi ya kila mchango unaotoa, hata wa shilingi elfu mbili, uitie kwenye faili. Nenda NIDA, wanaotoa vitambulisho vya taifa, urekebishe herufi zako kama zina kasoro, maana hilo huchukua muda. Faili langu la kijani bado lipo kwenye msumari nyuma ya mlango, na juma lililopita binti wa dada yangu, ana miaka kumi na tisa, alilishusha akaanza kusoma zile kanuni zenye mistari myekundu. Nilimhesabia vidole: 2029 atakuwa amevuka 21. Nimempa la kwake, la bluu.